Kimalay kinapitia Uingereza kufanya nini?

Mhariri salaam. Ile kona yenu ya maneno ya Kimalay kwa vijana wanaokwenda kusoma Malaysia nimeisoma mpaka mwisho, nia nzuri kabisa, ila inaonekana mwandishi alikuwa na maelezo ya Kiingereza mkononi akatafsiri kutoka huko, maana haiwezekani Mswahili akutane na "makan angin" halafu aandike "kwenda likizo". Makan ni kula, angin ni upepo. Sasa sisi si tuna kupunga upepo jamani? Jioni unatoka na watoto mnazurura pale Forodhani hamna hata shughuli, basi ndo makan angin hiyohiyo. Likizo ni mambo ya kujaza fomu kazini.

Mi nimekaa Kuala Lumpur miaka miwili, nilipanga chumba kwa mama mmoja mtu mzima, kule mama wa umri huo unamwita mak cik hata kama si ndugu yako. Siku moja tunabishana jikoni kuhusu maji ya wali, mi nasema yamezidi yeye anasema yako sawa, mwisho akanikata kauli: "Mak cik lebih dulu makan garam." Nikakimbilia simu, apu ikanipa Kiingereza chake eti shangazi anakula chumvi kwanza. Nikamsogezea kopo la chumvi! Alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe anasema yeye kaanza kula chumvi kabla yangu, yaani maneno ya bibi yangu kabisa, mimi nimekula chumvi nyingi usinifundishe. Nyie mmeandika "kuwa na uzoefu". Sawa, maana imo, ila chumvi yenyewe imekwenda wapi?

Na hilo kula lao lina mambo. Kazi inayochelewesha wanasema makan masa, inakula muda. Ofisa mla rushwa wanasema makan suap, na suap ni tonge lile unalomlisha mtu kwa mkono, hebu fikiria hapo. Kwa Mzungu rushwa na muda vyote vinachukuliwa, kwetu na kwa Wamalay vinaliwa, sasa kwa nini tuzunguke?

Ila lililoniudhi ni "makan hati" kuandikwa "kula moyo wako". Hati ni ini! Kiingereza ndo kina msemo wa kula moyo, mkaubeba hivyohivyo. Mtu anayekula ini ni yule kaudhiwa akanyamaza, kinyongo kinamtafuna ndani kwa ndani, na sisi tunaposema fulani kanikata maini tuko jirani kabisa na hapo.

Halafu lugha ya mtaani hamkuigusa. Ukiulizwa "dah makan?" usidhani umealikwa, ni salamu tu hiyo, umeshakula? Ukienda jimbo la Kelantan makan yenyewe inageuka, wanaitamka "make", na kwenye chati wanaandika hivyo hivyo, unaweza kudhani ni Kiingereza. Kiingereza nacho kimekaa huko mpaka kimebadilika sura: jimbo la Penang mtu akikuelekeza unavyopaki gari anapiga kelele "gostan, gostan!", we unatafuta nchi gani hiyo inaishia na stan, kumbe anakwambia upige rivasi. Ni amri ya mabaharia ya kurudisha meli nyuma, go astern, ikashuka bandarini ikaingia barabarani.

Ombi langu, toleo lijalo mrekebishe hiyo "makan hati", na huyo mwandishi akae na wanafunzi waliorudi kutoka kule wamsimulie kwa Kiswahili. Na awaonye wanaoondoka: kaka ya kule (wanaandika kakak) ni dada mkubwa, dada ni kifua, na kuku ni kucha. Mimi wiki ya kwanza niliomba kuku mgahawani kwa kujiamini kabisa, mhudumu akaangalia vidole vyake.

Msomaji wenu,
Tanga