Mdogo wangu, kabla hujamnunulia mpwa wangu ile tableti

Mdogo wangu,

Voisi yako ya dakika sita nimeisikiliza yote, mpaka pale shemeji anapokohoa kwa nyuma. Umeuliza kitu kimoja tu, ile tableti ya watoto "inayofundisha" ununue au uache, na mi badala ya kukujibu wasapu nimeamua nikuandikie hapa, maana najua kuna wazazi kibao wanaulizana hivohivo, alafu kuna kitu naona umekisahau.

Unaikumbuka ile mashine ya gemu ya Kichina aliyotuletea baba mdogo? Ile ya kaseti ya njano, kaseti ikigoma unaipuliza kwanza, adapta ikipata moto tunaifunika na kitambaa kibichi (hadi leo sijui tulinusurikaje). Kwenye menyu wameandika gemu 9999 lakini zenyewe hazifiki hata ishirini, zinajirudia tu. Basi siku moja tukafungua ya yule nyani mdogo tukijua ni ileile ya kupanda kamba kumkomboa baba yake, tukakuta namba kila kona. We ukasema "ah, hii ya shule, toa." Mama yuko jikoni akasikia neno shule, na kuanzia hapo siku za wiki hatukuruhusiwa nyingine.

Juzi nimeitafuta. Kumbe inaitwa Donkey Kong Jr. Math, ya Nintendo wenyewe, ilitoka Japani mwishoni mwa 1983 kwa ajili ya mashine yao ya Famicom, na zile zetu zilikuwa kopi za hiyo Famicom ndo maana ikadandia kwenye kaseti za bei chee mpaka ikatufikia. Marekani waliiuza baadaye kwenye kundi walilolipa jina la elimu, na kundi zima likaishia na hiyo gemu moja. Waandishi wa gemu wanaiponda mpaka leo, wanasema inaboa. Na kweli ukiicheza peke yako inaboa.

Ila sisi tulikuwa wawili. Nyani baba kasimama juu kashika kibao, kimeandikwa mfano 36, kila mtu na nyani wake mnakimbizana kwenye kamba kukusanya namba na alama mpaka mtu afikishe ile ya kwenye kibao. Una 9, ukiwahi alama ya kuzidisha na 4 umemaliza, ukiteleza ukagusa 7 ushafika 63, hapo sasa uanze kuhangaika kutoa. We ulikuwa darasa la kwanza, kuzidisha hujafundishwa, ila ulivoona nakufunga kila siku ukaanza kunipiga kiwiko cha mbavu nisiwahi 4, na mwezi haujaisha jedwali la nne unalo kichwani kwa hasira tu.

Gemu za kufundisha zilizotangulia hazikuwa na hilo la kushindana. Atari walitoa Basic Math mwaka 1977 pamoja na mashine yao, hesabu inatokea, unasukuma kijiti kuchagua jibu, unabonyeza, unasikia mlio, basi. Daftari limechomekwa kwenye tivii. Waliokaa wakafikiria ni wale wa Sesame Street, kile kipindi cha watoto cha Marekani, 1983 nao walitoa gemu kwenye hiyohiyo Atari, kuna moja unaliongoza lile dude la bluu linalopenda biskuti likaokote biskuti likazitie kwenye kopo, na kwa kuwa mtoto mdogo kile kijiti kinamshinda, ikatengenezwa pedi yake ya vitufe vikubwa, juu unaweka karatasi yenye picha kuonyesha wapi pa kubonyeza. Sega nao miaka kumi baadae wakaleta Pico, mashine ya watoto, kaseti yake ni kitabu kabisa, unafunua kurasa na kuchagua kwa kalamu. Yani waliangalia vidole vya mtoto kwanza, mambo ya hesabu na herufi yakafuata.

Sasa hiyo tableti. Mi mwaka jana nilimnunulia wangu ya aina hiyo, duka silitaji. Ukipatia inapiga makofi, ukikosea inapiga makofi vilevile, mtoto akagundua hilo siku ya pili tu, akawa anagonga kona ileile ya kioo huku anakula maandazi, kioo kimejaa mafuta, makofi yanalia nyumba nzima na anajipigia na yeye. Kwahiyo nenda dukani, waambie waiwashe, kosea makusudi mara tatu uone itafanyaje. Alafu uliza kama watoto wawili wanaweza kucheza kwa pamoja. Muuzaji akikushangaa, rudi nyumbani.

Na Desemba mkija, njoo naye. Ile mashine ipo, tivii ya chogo ya mama bado inawaka, pedi zote mbili nimezijaribu. Moja kitufe cha A kimezama. Hiyo utashika wewe.