Kwa shangazi yangu, kabla ya dripu ya kwanza

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Umeniruhusu niandike barua hii hadharani kwa sababu, kama ulivyosema mwenyewe, wapo wanawake wengi wenye saratani ya matiti wanaoambiwa maneno yale yale unayoambiwa wewe, kila mmoja chumbani kwake, bila mtu wa kumuuliza. Jina lako na mji wako nimevificha. Mengine nitayasema wazi.

Tangu yatoke majibu ya kinyama, yaani kile kipande kidogo cha uvimbe kilichochukuliwa kwa sindano ili kipimwe, nyumba yako haijakosa wageni. Kila mmoja huja na upendo, na wengi huja pia na dawa: huyu ameleta majani ya mstafeli yaliyokaushwa, yule vidonge vya bizari ya manjano, mwingine orodha ndefu ya vyakula ambavyo hutakiwi kuvigusa tena. Nawaheshimu wote, kwa kuwa hakuna aliyekuja kwa nia mbaya. Lakini uliposema kwamba unafikiria kusogeza mbele dripu ya kwanza ya tibakemia, yaani dawa za kuua seli za saratani, ili ujaribu kwanza tiba za asili, niliona siwezi kunyamaza. Nakuomba jambo moja, Shangazi: tiba ya hospitali ianze tarehe ile ile iliyopangwa, na chakula bora, tangawizi, mazoezi na dua viwe pamoja nayo, visichukue nafasi yake.

Nasema hivyo kwa sababu swali hili limekwisha kuchunguzwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walifuatilia wagonjwa ambao saratani zao zilikuwa hazijasambaa mwilini na zilitibika, lakini wakachagua tiba mbadala peke yake, kisha wakawalinganisha na wagonjwa wa aina hiyo hiyo waliokubali tiba za kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Kwa upande wa saratani ya matiti, hatari ya kufa kwa waliochagua tiba mbadala peke yake ilikuwa zaidi ya mara tano ya wenzao. Hao hawakuwa wajinga wala maskini. Wengi walikuwa na kipato kizuri na elimu. Kilichowaponza ni muda. Uvimbe ulioweza kuondolewa uliendelea kukua na kupenya kwenye tezi za kwapani, kisha ukafika kwenye mifupa, ini au mapafu, na hapo dawa hubaki za kupunguza makali tu.

Najua umeambiwa kwamba dawa za hospitali ni kemikali na za miti ni salama. Tazama karatasi uliyopewa kliniki. Moja ya dawa ulizoandikiwa inaitwa paklitakseli. Hiyo imetoka kwenye gome la mti unaoota pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini. Gome lilikusanywa mwaka 1962, likachunguzwa kwa miaka mingi, na dawa yake ikaidhinishwa Marekani kwa ajili ya saratani ya matiti mwaka 1994. Ile nyingine, doksorubisini, ile nyekundu ambayo wagonjwa wanaiogopa sana, chanzo chake ni bakteria wa udongoni. (Usishtuke mkojo ukiwa mwekundu siku moja au mbili baada yake, ni rangi ya dawa, si damu.) Kwa hiyo wanasayansi hawakudharau miti wala udongo. Walichofanya ni kutafuta kitu gani hasa ndani ya gome kinaua seli za saratani, ni kiasi gani kinachomfaa mtu wa urefu na uzito fulani, na ni kiasi gani kitamdhuru. Majani yaliyochemshwa kwenye sufuria hayana kipimo hicho, na hakuna anayejua kikombe cha leo kina nguvu gani kulinganisha na cha jana.

Mstafeli unastahili maneno yake peke yake, kwa kuwa ndio unaosifiwa kuliko yote. Ni kweli kwamba viini vya majani yake vimeua seli za saratani kwenye vyombo vya maabara. Vitu vingi hufanya hivyo maabara, kisha ndani ya mwili wa mtu havifanyi kitu, na hadi sasa hakuna utafiti kwa wagonjwa uliothibitisha kwamba majani hayo yanaponya saratani ya matiti. Upande wa pili wake huwa hausemwi. Katika kisiwa cha Guadeloupe, kule Karibiani, mwaka 1999 madaktari waliripoti wagonjwa wengi wa kukakamaa na kupoteza uwiano wa mwili, mfano wa ugonjwa wa Parkinson lakini usiosikia dawa zake za kawaida, na wengi wao walikuwa na mazoea ya muda mrefu ya kula tunda hilo na jamaa zake na kunywa chai ya majani yake. Linaloshukiwa ni anonasini, sumu ya neva iliyomo kwenye mmea huo. Glasi ya juisi ya stafeli mara moja moja wala siiogopi. Ninachoogopa ni majani yaliyokolezwa, asubuhi na jioni, kwa miezi.

Na tusisahau mwaka 2011, Shangazi, foleni za magari kuelekea Samunge kule Loliondo, watu wakienda kunywa kikombe cha dawa ya miti cha shilingi 500 kwa Babu, yule mchungaji mstaafu aliyesema kinaponya magonjwa sugu. Wapo waliotoka wodini kwenda huko, na wapo walioacha dawa zao kwa kuamini wamepona. Mtu anapoumwa hufuata tumaini popote linapoonekana, na sitamcheka kwa hilo hata siku moja. Ila tumaini linalokudai uache dawa linaweza kukugharimu maisha.

Sasa chakula, maana hapa ndipo naona unaumia bure.

Umeacha wali, ugali, matunda na hata chai ya sukari kwa kuambiwa kwamba sukari hulisha saratani. Maneno haya yana chembe ya ukweli iliyokuzwa. Mwanasayansi Mjerumani Otto Warburg aliona tangu miaka ya 1920 kwamba seli za saratani hutumia glukosi, yaani sukari ya damu, kwa wingi. Lakini moyo, ubongo na misuli yako navyo vinatumia glukosi hiyo hiyo, na ukiacha kabisa kula wanga, ini lako litaitengeneza kutokana na misuli yako mwenyewe. Uvimbe hautakosa chakula. Wewe ndiye utakayekonda. Na kukonda wakati huu ni hatari, kwa sababu kiasi cha tibakemia hupangwa kwa urefu na uzito, na mgonjwa aliyedhoofika huahirishiwa dozi mara kwa mara. Soda na vinywaji vya sukari nyingi ni vyema kuviacha, kwa faida ya uzito, sukari ya damu na moyo. Ugali wa dona na mchicha, ndizi za kupika, viazi vitamu, papai na embe, hivyo virudi mezani kwako.

Vilevile umeondoa soya kwenye uji wa lishe, ukiambiwa ina homoni ya kike, na uvimbe wako ni ule wenye vipokezi vya estrojeni, yaani unaochochewa na homoni hiyo ya kike. Hofu hiyo iliwahi kuwasumbua hata madaktari. Kule Shanghai, China, ambako soya ni chakula cha kila siku, wanawake zaidi ya 5,000 waliotibiwa saratani ya matiti walifuatiliwa, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2009 yalionyesha kwamba waliokula soya zaidi kwa njia ya chakula walikuwa na vifo vichache na saratani iliwarudia mara chache kuliko waliokula kidogo. Ninazungumzia chakula, si vidonge. Uji wako unywe.

Protini ndiyo usiifanyie ubahili, kwani mwili unaitumia kutengeneza upya seli za damu na ngozi zinazoharibiwa na dawa. Wala si lazima iwe nyama ya bei kubwa: dagaa, maharage, choroko, kunde, mayai, samaki, mtindi. Siku ambazo hamu ya kula imekatika, kula kidogo kidogo mara nyingi, na uongeze karanga iliyosagwa au parachichi kwenye uji ili vijiko vichache vibebe nguvu ya kutosha. Karanga na mahindi yenye ukungu tupa bila huruma, maana sumukuvu huumiza ini, na ini lako litakuwa na kazi nyingi. Damu inapopungukiwa seli nyeupe, usile mayai mabichi, maziwa yasiyochemshwa, mishikaki ya barabarani wala kachumbari usiyojua imeoshwa kwa maji gani. Ukipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, hata iwe usiku wa manane, usinywe panadoli ukalala. Nipigie simu tuende hospitali saa hiyo hiyo, kwa sababu maambukizi kwa mtu aliye kwenye tibakemia yanaweza kuua kwa muda mfupi sana.

Vile vidonge vya vitamini na vya manjano vinanitia wasiwasi kuliko chakula chochote ulichoulizia. Watafiti wa Marekani waliripoti mwaka 2020 kwamba wanawake waliotumia vidonge vya kuzuia oksidesheni, kama vitamini C na E, kabla na wakati wa tibakemia, walielekea kurudiwa na saratani zaidi ya wasiotumia. Kuhusu manjano, utafiti mdogo wa Uholanzi wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba vidonge vya kiini chake, hasa vikichanganywa na kiini cha pilipili manga, vilipunguza kwenye damu kiasi cha dawa ambayo mwili huitengeneza kutokana na tamoksifeni, kidonge cha kuzuia estrojeni isichochee saratani. Wewe, kwa kuwa uvimbe wako una vipokezi, huenda ukapewa tamoksifeni ukimaliza dripu na upasuaji, na ni dawa ambayo ikinywewa kwa miaka mitano hupunguza hatari ya kufa kwa saratani hii kwa takriban theluthi moja. Kidonge hicho kidogo cha kila siku kina thamani kubwa mno. Manjano kwenye mchuzi wa samaki haina neno. Ya kwenye kopo ikae hadi daktari aione.

Si kila kisicho cha hospitali nakikataa. Tangawizi imejaribiwa kwa wagonjwa wa tibakemia, ikaonekana kupunguza kichefuchefu ilipotumika pamoja na dawa za kuzuia kutapika. Mwaka 2018 chama kikubwa cha madaktari wa saratani cha Marekani kiliunga mkono mwongozo unaokubali utulivu wa kutafakari, muziki na yoga kwa wagonjwa wa saratani ya matiti wenye wasiwasi, na kubonyeza sehemu maalumu ya kifundo cha mkono kwa ajili ya kichefuchefu. Kutembea kila siku, hata kuzunguka mtaa mara moja jioni, hupunguza ule uchovu usioondoka kwa usingizi. Dua na zaburi zako usiache. Masaji ya mgongo na miguu ni sawa, ila mtu asikande titi lenye uvimbe, na baada ya upasuaji mkono wa upande huo ushughulikiwe na mtaalamu wa viungo, kwani ukiondolewa tezi za kwapani unaweza kuvimba.

Uliniuliza kwa sauti ya chini kama sindano ya kinyama ndiyo iliyouamsha ugonjwa. Hapana. Maneno haya yamewafanya wanawake wetu wengi wakimbie kisu mpaka kidonda kitoke nje, kisha wanapofika hospitali wakiwa wamechelewa na kufariki, watu husema waliuawa na kisu. Bila kinyama, daktari asingejua kwamba uvimbe wako una vipokezi, wala dawa ipi inakufaa.

Lipo pia la sisi tuliobaki. Dada zangu, binti zako, wanajua utepe wa waridi wa mwezi Oktoba, ule wa kukumbusha watu kuhusu saratani ya matiti, lakini sidhani kama kuna aliyewaeleza kwamba uvimbe wa saratani mara nyingi hauumi, au kwamba ngozi kuwa kama ganda la chungwa, chuchu kuingia ndani ghafla au kutoa damu, na tezi ngumu kwapani ni dalili za kwenda kliniki wiki hiyo hiyo. Hatuhitaji mashine kubwa ili tuanze. Mumbai, India, wanawake zaidi ya 150,000 waliingizwa kwenye utafiti wa miaka 20, ambapo nusu yao walipimwa matiti kwa mikono na wahudumu wa afya waliofunzwa, kila baada ya miaka miwili. Uvimbe wao uligunduliwa mapema zaidi, na kwa waliofikisha miaka 50 vifo vilipungua kwa karibu asilimia 30. Mhudumu wa namna hiyo anaweza kupatikana hata kwenye kituo chetu cha afya. Nami, mtoto wa kaka yako, nimo: kati ya asilimia 5 na 10 ya saratani za matiti hutokana na jeni za kurithi, na jeni hizo hupitia kwa baba kama zinavyopitia kwa mama. Baba naye nimemwambia, kwa sababu wanaume wachache huugua pia, na huchelewa zaidi kwa aibu.

Siku ya kliniki nitakuja kukuchukua alfajiri. Tafadhali weka kwenye mfuko mmoja kila kitu ulichopewa na wageni, majani, unga, makopo na chupa, bila kuficha hata kimoja, ili tumwonyeshe daktari na yeye aseme kipi kikae na kipi kisubiri. Andika na maswali yako kwenye daftari. Ukichoka kuyauliza, nitayasoma mimi. Chai na mihogo ya kuchemsha nitabeba.

Mwanao anayekupenda.