Salamu za siku tulivu, kutoka Umoja, Nairobi

Ndugu, jamaa na marafiki,

Salamu za sikukuu ziwafikie popote mlipo. Wengi wenu najua bado mko ushago, mmezungukwa na wajomba, mashangazi na sufuria zinazongoja kuoshwa tangu juzi. Wengine mlipanda treni mkashuka Mombasa. Na mliosherehekea huku mna msiba mbichi nyumbani, poleni sana; nimewataja katika sala kila jioni.

Leo ni tarehe 28. Nimechagua kuandika sasa kwa sababu salamu za Krismasi zimekwisha na za mwaka mpya hazijaanza, na siku hizi za katikati ndizo ninazozipenda kuliko zote.

Laiti mngeuona mji wenu. Barabara ya Jogoo ni nyeupe. Unafika katikati ya mji hujamaliza kumjulia hali uliyeketi naye. Makanga wanaita abiria kwa upole, kama wanaobembeleza mtoto. Korongo wa pale uwanja wa Nyayo wametulia juu ya migunga yao kama wazee wa baraza. Hapa kwetu nusu ya ploti imesafiri, kwa hiyo maji ya mfereji yanafika hadi ghorofa ya juu kwa nguvu. Nakunywa chai na chapati zilizobaki, hakuna anayenidai chochote. Ofisi zimefungwa, na karo ya Januari bado haijabisha hodi.

Katika utulivu huo nimekishusha kile kiondo.

Wanaonijua watakikumbuka. Nilikianza mwaka 2017, serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti. Nilijiambia nitakwenda sokoni na kikapu nilichokisuka mwenyewe, kama Mama. Nilisokota kamba juu ya paja hadi ngozi ikawasha, nikafunga kitako, nikaongeza nyuzi za kusimama kadiri kilivyotanuka, nikaanza kupandisha ubavu. Kisha kazi ikazidi, watoto wakahitaji hiki na kile, madukani ikaja mifuko ya kitambaa, na kiondo changu kikapanda juu ya kabati. Kila Desemba nilikiona. Kila Desemba nilihamisha macho.

Safari hii sikuhamisha. Asubuhi nzima ya tarehe 26 niliimaliza nikipangusa vumbi na kutenganisha nyuzi zilizokuwa zimesokotana kama nywele za mtoto aliyelala bila kusukwa. Vidole vilikataa mwanzoni. Halafu, bila mimi kujua ni lini hasa, vikakubali: uzi mmoja mbele, mwingine nyuma, vipishane, vibane, twende kwa unaofuata.

Mchana ndipo nikaona kosa. Mstari wa kahawia ulikuwa umeinama upande mmoja. Nilipohesabu nikagundua kwamba zamani zile niliruka uzi mmoja wa kusimama, na kila mzunguko uliofuata ukajengwa juu ya kosa hilo. Nikampigia Mama kule Machakos, nikamwonyesha kwenye simu. Aliutazama ule mstari kwa muda, kisha akasema neno moja: "Fumua." Alipoona nimenyamaza akaongeza, "Siku hiyo ulikuwa unaharakisha kwenda wapi, mwanangu?" Sikuwa na jibu. Nimelitafuta tangu wakati huo, na kweli sikumbuki nilikokuwa nikikimbilia.

Nikafumua mizunguko saba. Katani iliyokaa imesukwa miaka yote hiyo hainyooki ukiivuta tu. Inabaki na mikunjo yake ileile. Unailowesha kidogo, unaipitisha chini ya kidole gumba, pole pole, mara mbili, mara tatu, hadi ikubali kusukwa tena. Ilinichukua jana yote. Sijapata siku iliyonituliza moyo hivyo mwaka huu mzima, nami nasema hivyo nikikumbuka hata siku za furaha kubwa.

Ndiyo maana nimewakumbuka. Kuna mwenzetu mwenye gauni lililobaki upindo tu, limekunjwa chini ya cherehani. Yupo mwenye daftari la mashairi lililokomea ubeti wa tatu. Jirani yangu wa chini ana gitaa lenye nyuzi tano, na jana usiku nilimsikia akilijaribu, wimbo uleule, akikosea palepale na kurudia palepale, na nikazima redio nimsikilize. Mimi naona siku hizi chache zinafaa zaidi kwa kazi iliyoachwa kuliko kwa kuanza jambo jipya. Jipya litadai mipango na fedha. Hii ya zamani iko palepale ulipoiacha, haijakununia. Wala msijipe tarehe ya mwisho. Ikifika 31 haijaisha, na iendelee kukaa mahali mtakapoiona.

Changu kimefika shibiri moja kwenda juu. Kikikamilika nitakipeleka Kariokor kitiwe ukingo na mishipi ya ngozi. Soko hilo nalipenda hata kwa jina lake, lililotokana na kikosi cha wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918, wanaume waliobebeshwa mizigo ya vita visivyokuwa vyao. Naona ni mahali pa heshima kwa kikapu kupatia mishipi yake. Mama anasema nisipeleke kabla yeye hajakishika kwa mikono yake. Kwake kinaitwa kyondo, na kyondo hakikaguliwi kwa simu.

Basi, heri ya Krismasi na fanaka za mwaka mpya, nyinyi na wa nyumbani mwenu. Safirini salama, msimwache dereva aliyechoka awakimbize usiku. Mkirudi mjini piteni hapa, chai ipo. Na yeyote atakayepitia Machakos, aniletee katani ya kahawia. Niliyo nayo haitafika juu.