Mdogo wangu, kabla hujamalizia hela ya hicho kiapatimenti

Nimesikia umeshatoa hela ya kushikilia. Sijasikia kwako, nimesikia kwa watu, manake siku hizi mi na we tunapashana habari kama majirani waliogombania mpaka. Simu zangu hupokei. Hapa najua unapita na unasoma, hata kama hukomenti, basi acha niandike hapa hapa na wengine wasome, kama kuna wa kufaidika afaidike.

Chumba kimoja, sebule imeungana na jiko, mita za mraba 32. Ndo nilivoambiwa. Umeuliza hizo 32 zinaanzia wapi na kuishia wapi? Muuzaji anaweza akahesabu unene wa kuta, akahesabu kibaraza, mwingine anakuchomekea hadi fungu lako la korido na ngazi, we ukija kuhamia unajikuta unaishi kwenye 26. Omba ramani yenye vipimo halafu nenda na futi kamba yako mwenyewe upime ukuta hadi ukuta. Kitanda cha futi 5 kwa 6 ni kama sentimita 152 kwa 183, ongeza angalau 60 za kupita pembeni, halafu angalia mlango unafungukia upande gani, kabati utaliweka wapi, friji itafunguka au itagonga sinki. Na usidanganyike na ile nyumba ya maonyesho, vile vitanda vyao vingine ni vifupi makusudi na milango ya ndani wameing'oa ili paonekane papana.

Haya yote mi niliyafanya, ujue. Mnaponiongelea huko mnasema nyumba yangu niliinunua kwa pupa. Nilipima kila kitu. Nilienda pale mara nne, asubuhi, usiku, siku ya mvua, na Jumapili nisikie kelele za majirani. Nilifungua bomba la jikoni na la bafuni kwa mpigo huku naflashi choo nione kama presha ya maji inakufa. Nilinusa ndani ya makabati, manake rangi mpya inaficha ukungu ukutani ila harufu haiifichi. Mlinzi wa zamu ya usiku ndo aliniambia ukweli wa lifti, dalali hakuniambia.

Nikapima kila kitu isipokuwa mlango wa bafu.

Siku ile mlivomleta mama kutoka hospitali lifti ilikuwa imekufa tena, mkampandisha ghorofa ya tatu watu watatu, we umeshika upande wa kichwa. Nilikuwa nimetandika sebuleni, nimesogeza meza, nimenunua hadi taa ndogo ya kuwaka usiku. Mama akasema anataka kwenda haja. Ukamsukuma na kile kiti cha magurudumu hadi bafuni, kikagonga fremu. Ukarudi nyuma, ukasukuma tena, kikagonga. Mara ya tatu uliona kabisa hakipiti, kiti kina sentimita 65 na mlango una 60, lakini ukasukuma tena kwa nguvu, mama akiwa ndani yake kashikilia mikono ya kiti, halafu ukageuka ukaniambia mbele yake, "Dada, uliinunua hii nyumba ukijua mama yupo."

Mama akasema haina shida, mi nitabebwa tu. Jioni mkaondoka naye kwenda kwako, nyumba ya kupanga, vyumba vitatu, milango mipana. Yaliyofuata yalifuatia huko huko kwako na mi nikawa mgeni kwenye matanga ya mamangu.

Ile alama nyeusi ya mpira bado iko kwenye fremu. Nyumba nimepaka rangi mara mbili.

Sasa we unanunua chumba kimoja, na mi sicheki, walahi sicheki. Nyumba ndogo sio dhambi. Inasafishika haraka na sevisi chaji, ile ada ya kutunza jengo, mara nyingi inakuwa chini kwa vile wengi wanaitoza kwa ukubwa wa nyumba. Ila uliza hiyo sevisi chaji imepanda mara ngapi, uliza jengo lina mfuko wa akiba wa kutengeneza paa na lifti, manake kama mfuko hauna kitu siku lifti ikifa mtachangishwa wote, hata wa chini asiyeipanda. Uliza pia kama muuzaji anadaiwa, usije ukarithi deni lake. Na hati, mdogo wangu, nakala ya dalali sio hati, nenda mwenyewe ofisi ya ardhi ukatafute au lipa mwanasheria wako, sio wa muuzaji.

Mkopo ndo uangalie sana. Chukua mfano wa mkopo wa miaka 20 kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka. Rejesho la kwanza, katika kila 100 unayolipa, kama 91 ni riba tupu, 9 ndo inapunguza deni. Ukishalipa miaka 5 bila kukosa hata mwezi mmoja bado unadaiwa kama asilimia 92 ya ulichokopa. Piga hesabu hadi mwisho, utakuwa umerudisha zaidi ya mara mbili na nusu. Kwa hiyo mnaposema kwa nini sikuchukua ya vyumba viwili, ni kwa sababu nilikaa na hizi hesabu usiku mzima, peke yangu, we ulikuwa hutaki hata kunidhamini. Ningechukua kubwa ningekosa rejesho, ningenyang'anywa, halafu mama angefikia wapi? Sentimita 5 tu. Fundi aliniambia baadaye fremu ingeweza kupanuliwa kwa siku mbili, na ukuta ule sio wa kubeba jengo. Siku mbili hukunipa.

Tuyaache. Wasomaji mnisamehe, nilikusudia kuongelea nyumba.

Hujamalizia malipo, najua. Usilipe hela nyingine kabla ya Jumamosi. Nitakuja, hata usipopokea simu nitakuja, niko na futi kamba ya mita 5. Na kile kiti cha mama najua kiko stoo kwako, usikigawe kwanza. Njoo nacho hiyo Jumamosi, tukipitishe milango yote.