HARAMBEE: Diski ya seva yetu inakata, watoto watakosa masomo

Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, ndugu zetu wa Kigoma mliopo na mliohamia Dar na kwingine. Tunaandika kwa aibu maana majuzi tu tuliwaomba hela ya UPS mkatoa, Mungu awazidishie, lakini hali imekuwa mbaya na kunyamaza tumeshindwa.

Seva yetu ya Mwanga, kompyuta inayotunza masomo, diski imeanza kulia tak tak tak. Wiki hii ilizima katikati ya kipindi, watoto wa form tu wametoka Ujiji kwa mguu, wamekaa watano watano kwenye skrini moja, somo la hesabu likagandia hapo hapo. Binti mmoja akamuuliza mwalimu, "Tuje tena kesho?" Mwalimu hakuwa na la kumjibu.

Kwa wasioelewa, masomo yale yanatoka KA Lite, programu ya video za Khan Academy zinazochezwa bila intaneti, iliyotolewa 2012 na Learning Equality ya Marekani. Wenyewe walishaiacha wakahamia Kolibri, programu yao mpya ya kazi ile ile, na hatuwalaumu, Kolibri ni nzuri na ndiko na sisi tunakoelekea. Shida KA Lite inategemea Python 2 (toleo la zamani la lugha ya kuandikia programu), ambayo ilikoma kuhudumiwa tarehe 1 Januari 2020, na Debian 12 (aina mojawapo ya Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta) iliyotoka 2023 haina Python 2 kabisa, kwa hiyo ukishaweka Linux mpya kwenye kompyuta ya shule KA Lite haiwaki. Na kuhamia Kolibri inabidi video zishushwe upya, magigabaiti na magigabaiti, kwa bando la kununua.

Leseni yake inaruhusu yeyote kuirekebisha, ndio vijana wetu wawili wakaibeba. Usione vyaelea, vimeundwa! Wakitoka kazini usiku wanafungua kodi (maandishi ya ndani ya programu), wanarekebisha, wanapaki na Python 2 yake humo humo ndani, wanaijaribu kwenye kompyuta kuukuu, ikikubali wanaitia kwenye flashi wanapanda daladala mpaka Ujiji, au boda mpaka Kibirizi, nauli mfukoni mwao. Hakuna anayelipwa hata mia.

Na wanachoka jamani. Yaliyotokea mwaka 2024 kwenye xz, programu ya kubana mafaili, yanatutisha sana, kifurushi chake kiko kwenye Linux karibu zote, anakitunza mtu mmoja wa kujitolea aliyeelemewa, akaja mwingine kujifanya msaidizi, akaaminiwa, akapachika mlango wa siri. Ni Andres Freund tu, mtaalamu wa programu, aliona kompyuta inachelewa kidogo kumruhusu kuingia akafuatilia mpaka akaukuta. Tusiwaachie vijana wawili mzigo wa shule zote hizi.

Tunatafuta milioni moja. Diski mbili za SSD za terabaiti moja moja 460,000 (mbili ili moja ikifa nyingine iwe na kopi), bando la kushusha masomo ya Kolibri 350,000, nauli na flashi 190,000. Mkononi tunayo 310,000, nyingi ni ya akina mama wa dagaa na mawese ambao kompyuta yenyewe hawajaigusa. Harusi moja hapa mjini kamati inakusanya mamilioni na wote tunachanga, sasa hii 690,000 ya watoto wetu itushinde? Sisi wa mwisho wa reli tumezoea vitu kuchelewa kutufikia, hiki kimeshafika, kisifie mikononi mwetu.

Hesabu zitakuwa wazi, risiti zitapigwa picha na kurushwa kwenye grupu, mtoa elfu na mtoa laki wote watasomwa.

Mchango mpe mweka hazina au mwalimu wa kompyuta wa shule ya mwanao, akuandikie risiti, kabla mwezi haujaisha. Na mwenye eksteno (diski ya nje) isiyotumika atuazime hata leo jioni, tupate pa kuhamishia rekodi za wanafunzi wakati diski bado inasomeka.