Musa aliomba utukufu akaonyeshwa wema

Kwa Mhariri,

Siku hizi ukipanda matatu hapa Nakuru, iwe ya Lanet ama ya Njoro, hukosi kuskia mtu akisema Mungu ametuacha. Na siwezi kumlaumu ju hii kaunti imeona mambo. Mei 2018 bwawa la Solai lilipasuka usiku likabeba watu zaidi ya 40, watoto wakiwemo, halafu Aprili 2024 maji yakashuka tena Mai Mahiu watu wakiwa wamelala. Na ile Januari ya 2008, ya vita vya baada ya uchaguzi, sisi tuliokuwa hapa hatuhitaji kukumbushwa. Sasa ongeza bei ya unga na vijana waliosoma wakashinda tu wamekaa stejini, mtu akiuliza huo utukufu tunaouimba kila Jumapili uko wapi, ana haki ya kuuliza.

Mimi naamini uko, lakini tunautafuta pasipo pake. Angalieni mabango kwa barabara, usiku wa utukufu, wiki ya utukufu, spika kubwa kubwa, na nambari ya kutuma sadaka iko hapo chini. Watu wanatoka huko wamechangamka, sikatai, ila Jumatatu giza linawangoja palepale mlangoni. Na kuna pabaya zaidi ya hapo. Mwaka wa 2023 kule Shakahola, Kilifi, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, ya watu walioambiwa wafunge mpaka kufa ndio wamwone Yesu. Mtu akitamani kumwona Mungu bila kwanza kuuliza huyu Mungu ana moyo gani, anaweza kupelekwa popote na yeyote, na hilo linaniuma sana.

Musa naye aliomba, someni Kutoka 33. Na aliomba wakati mbaya kabisa, watu wametoka tu kuabudu ndama wa dhahabu na karibu elfu tatu wameuawa, ndipo anamwambia Mungu nionyeshe utukufu wako. Mungu akamjibu kwamba atapitisha wema wake wote mbele yake, na sura inayofuata akajitangaza ni mwingi wa huruma, si mwepesi wa hasira. Hata Yesu kwa Yohana 12 anasema saa ya kutukuzwa imefika, na kumbe anazungumzia kufa kwake, siku ambayo Luka anasema giza lilifunika nchi kuanzia saa sita mpaka saa tisa.

Kwa hivyo nikitaka kuuona naenda kwa wema. Kuna akina mama wa kanisa moja dogo la mabati huku kwetu, Jumapili baada ya ibada wanabeba beseni, sabuni na thamosi za uji wanaenda wodini kutafuta wale wagonjwa hawana wenyewe, wengine waliokotwa barabarani hata majina hayajulikani, wanawaosha, wanawakata kucha, wanawalisha polepole wakiwaita baba, mama, mwanangu. Hakuna kamera. Mmoja wao 2008 alificha familia ya jirani wa kabila lingine chini ya vitanda vyake huku vijana wakigonga mlango na mapanga, na hapo alikuwa na watoto wake ndani ya hiyo nyumba. Ukimuuliza alipata wapi nguvu anasema tu ni Mungu, halafu anakuuliza kama umekula.

Ombi langu kwa wachungaji wetu ni hili, hata kama ni dakika kumi tu kwa mwezi, wapeni watu kama hawa maikrofoni. Wakikataa kuongea, na najua wengi watakataa, basi uliza wanaenda wodi gani, na Jumapili inayofuata mwende pamoja, wewe ukibeba maji.

Msomaji wako,
Lanet, Nakuru