Stempu ya Bertha von Suttner ipigwe muhuri wa Tanga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi wanaohusika na utoaji wa stempu nchini wafikirie stempu ya kumbukumbu ya Bertha von Suttner, mwanamke wa kwanza kutunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani, mwaka 1905.

Katika albamu yangu zimo stempu mbili nilizozipanga ukurasa mmoja kwa makusudi. Moja ni ya enzi za Wajerumani, nyekundu, ya heleri 7½ (heleri hiyo ndiyo iliyotuachia neno "hela"), na imechorwa Hohenzollern, meli ya fahari ya Kaisari wao. Muhuri wake umefifia, lakini ukiielekeza kwenye mwanga unalisoma jina la TANGA. Ya pili ilitolewa na Austria mwaka 1965 kuadhimisha miaka 60 ya tuzo ya mama huyo, nayo bei yake ni ya shilingi, kwani fedha ya kwao wakati huo ilikuwa na jina kama yetu.

Najua nitaulizwa, Mzungu aliyezaliwa Prague mwaka 1843 anatuhusu nini sisi watu wa Tanga? Bibi huyu alizionya dola za Ulaya kwa miaka mingi, kwa riwaya aliyoitoa mwaka 1889 na kwa hotuba mikutanoni, kwamba kushindana kulimbikiza silaha kungezaa vita vikubwa. Alifariki tarehe 21 Juni 1914, wiki moja tu kabla ya mauaji ya Sarajevo yaliyowasha Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Haikutimia miezi mitano vita hivyo vikashuka Raskazone, hapa hapa Tanga, pale Waingereza walipoleta wanajeshi wapatao 8,000 kutoka India kuja kupigana na jeshi la Wajerumani, ambalo askari wake wengi walikuwa Waafrika, hadi nyuki nao wakaingia vitani kwa kuwauma wanajeshi. Kisa cha nyuki tunakisimulia kila mwaka, na majina ya makamanda tunayajua. La mwanamke aliyepinga vita hivyo kabla havijazuka, sijalisikia likitajwa barazani hata siku moja.

Ingependeza awekwe pacha na Wangari Maathai wa kwa jirani zetu Kenya, mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kupata tuzo hiyo hiyo, mwaka 2004.

Ombi langu kubwa ni kwamba stempu hiyo isiishie kuwa pambo la kuuziwa sisi wakusanyaji, tukaifungia kwenye plastiki. Ichapishwe kwa thamani ya barua ya kawaida, mwanafunzi wa Pongwe aweze kuibandika kwenye bahasha ya kumpelekea shangazi yake Lushoto. Bahasha za siku ya kwanza, yaani zile zinazobandikwa stempu mpya na kupigwa muhuri siku inapotolewa, zipigwe muhuri hapa Tanga, tarehe 4 Novemba, siku ya mapigano makali zaidi, na karani atakayezipiga namwomba muhuri aupeleke pembeni, usimfunike bibi uso.

Mkusanya stempu,
Ngamiani, Tanga